Augustine na Namba za Mto Nzoia

Augustine ni mlinzi wa jengo moja kule West Bay. Kabla ya kuja hapa Doha alisoma maji ya Mto Nzoia kwa miaka tisa, kwetu Budalang'i. Asubuhi na jioni alishuka mtoni, akaangalia ubao wenye vipimo uliosimikwa majini, akaandika daftarini maji yamefika wapi. Sasa kazi hiyo anayo binamu yake, Marvin, ambaye humtumia namba kwa simu. Augustine naye hunitumia mimi, maana binti yangu Tiffany na bibi yake wanakaa chini ya tuta la mto huo, na tuta huwaziba wasione maji.

Mimi simwamini mtu haraka. Wiki nzima mvua ilinyesha Kitale, na maji ya Kitale huja kwetu, lakini namba zilipanda kidogo tu. Nikaona Augustine ananificha jambo. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya kanisa, baada ya ibada nikamkamata kwenye kivuli cha ukuta.

"Kaka, niambie ukweli. Maji yako wapi?"

"Mama Tiffany! Wewe hata ugali unaukagua kabla ya kunawa."

"Nimeshalishwa mbichi. Leta simu."

Nikasoma kwa sauti: mita mbili na hamsini, mbili na hamsini na tano, mbili na sitini. Augustine akaacha kucheka, akaninyang'anya simu.

"Zote zinaishia na sufuri au tano," akasema. "Mto haufanyi hivyo. Ukishuka kweli utakuta hamsini na tatu, sitini na moja. Hizi zimeandikiwa kitandani."

"Umejuaje?"

Akaangalia viatu vyake. "Tope likiwa la magoti, hata mimi niliandikia kitandani. Mke wangu ananiletea chai, naandika."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikampigia Tiffany kwanza.

"Panda juu ya tuta uangalie ubao. Usishuke!"

Tukamsikia akihema. "Mama, ubao sioni. Naona ncha tu."

"Ubao ule ni mita tano," Augustine akanong'ona. Jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Mchukue bibi mwende shuleni kule juu. Sasa hivi!"

"Bibi atakataa. Marvin amemwambia ni mbili na nusu."

"Nipe yeye." Bibi alipokuja nikamwambia, "Mama, Marvin hajafika mtoni. Toka, kuku waache."

"Kuku siwaachi," akasema, lakini nikasikia mlango ukifungwa.

Hatukuondoka pale ukutani. Saa kumi picha ikaingia: bibi amekaa kwenye dawati la shule, kuku wawili mapajani. Tiffany akaandika kwamba maji yameanza kuvuka tuta.

Augustine akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamuuliza ni siku zipi aliandikia kitandani, maana miaka ile sisi tulikuwa tukilala palepale chini ya tuta, watoto wakiwa wadogo. Akasema hazikumbuki.

Anazikumbuka. Nilimwona akihesabu.