Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, msinicheke. Shule niliishia darasa la nne, lakini najua kitupu na sifuri si kitu kimoja, na nitawaambia nilivyojua.

Mjukuu wangu wa kike anasoma kompyuta mjini. Alitutengenezea ukurasa wa mtandaoni wa ng'ombe wetu hapa Kikatiti. Kila ng'ombe ana kisanduku chake. Ukishakamua unaandika lita kwa simu. Akitoa sifuri wiki nzima, ukurasa unamtia rangi nyekundu: amekauka, auzwe. Mwanangu, anayekaa Kwa Mrombo, aliusikiliza ukurasa ule kuliko anavyonisikiliza mimi.

Basi ng'ombe mweusi akazaa. Kwangu dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, haipimwi, ni ya ndama, kwa hiyo kisanduku tulikiacha kitupu wiki nzima. Na ndama simtangazi mpaka asimame vizuri. Jumamosi namwona mwanangu anashuka kwenye pikapu na mnunuzi wa Kisongo, kamba mkononi.

"Shikamoo Mama. Nimemfuata mweusi, amekauka."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Ukurasa."

"Ukurasa umemshika kiwele?"

Ndama akalia bandani. Mnunuzi akacheka, akarudi kwenye gari. Mimi sikucheka. Ningekuwa nimeenda kanisani kufagia, kama kawaida yangu ya Jumamosi, ndama angebaki bila mama.

Mjukuu alikuwa nyumbani. Akafungua kompyuta, akasoma alichoandika, kisha akasema, "Bibi, kosa ni langu. Niliuliza kama kisanduku ni sawa na sifuri kwa alama mbili za sawa. Hizo zinalegeza. Kitupu zinakigeuza namba kwanza, kinakuwa sifuri, halafu zinasema ni sawa. Alama tatu hazigeuzi kitu."

"Weka tatu."

Akaweka. Akaandika sifuri ya kujaribu, ukurasa ukakataa kuwa hiyo nayo ni sifuri.

"Sasa nini tena?"

"Kinachoandikwa kisandukuni ni maandishi, Bibi, na mimi nakilinganisha na namba. Vitu vya aina mbili, alama tatu hazikubali."

"Kali kama Mama," mwanangu akasema. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka nilipocheka mimi.

Mjukuu akaiweka sifuri ya maandishi upande wa pili pia. Sifuri ikakubaliwa, kitupu kikaachwa kitupu.

Nikawaita wote bandani. Nikasema: ukurasa uendelee, alama tatu zibaki. Lakini hakuna ng'ombe atakayetoka zizini humu mpaka anayemtoa amshike kiwele kwa mkono wake, nami nikiwa nimesimama hapa.