Nusu ya Nyuma ni ya Hawa

Ukutani kwa Mwanahamisi, katika nyumba yake ya tope huko Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, palikuwa na wanyama kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na matako. Kulikuwa na mbuzi mwenye meno ya mtu, samaki mwenye hereni, na kuku aliyevaa tai, enzi ambazo tai ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima. Wote walishonwa kwa gunia la mpunga, wakashindiliwa sufi, na wote waliishia tumboni, nyuzi mbili ndefu zikining'inia. Watu walikuja kuwachungulia wakacheka mpaka wakaegemea mlango. Yeye aliwaacha wacheke, maana wanyama wenyewe walikuwa wa kuchekesha.

Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa wafanyabiashara wa mpunga, kama mama yake. Zamani mama aliwatupia mabinti zake wawili, Mwanahamisi na mdogo wake Hawa, vipande vilivyobaki, nao wakavifanyia mchezo wao. Mkubwa alishona nusu ya mbele ya mnyama, akaifunika kitenge na kuacha nje nyuzi mbili tu. Mdogo alianzia kwenye nyuzi hizo, akashona nusu ya nyuma bila kujua mbele kuna nini. Kisha kitenge kikafunuliwa. Hawa, hata angeambiwa nini, aliweka miguu ya bata, wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba ndivyo bata anavyotembea.

Mwaka wa sitini na nne, vita vilipoingia Kindu, Hawa alisukumwa ndani ya mtumbwi uliojaa watu, ukapanda mto Lualaba kuelekea kusini. Mwanahamisi aliukosa kwa hatua chache. Aliuliza misheni, msikitini, stesheni, hakuna aliyejua. Tangu hapo, kila mwaka alishona nusu moja ya mbele, akaiwekea nyuzi zake, akangoja. Kuishona ile nyingine kwa mkono wake kungekuwa sawa na kumzika Hawa, na hilo hakuwa tayari kulifanya. Alimkumbuka mdogo wake hasa mchana, kazi ikiwa mikononi, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wakipiga soga.

Mwaka wa sabini na tano alishona chui, na chui akamletea balaa. Onema, kiongozi wa Chama mtaani, alikuja kutafuta kazi za mikono za kuonyesha siku ya sikukuu, mbele ya mkubwa fulani kutoka Bukavu. Alisimama mbele ya chui, amevaa suti yake ya abakosti, ile isiyovaliwa tai, wala hakucheka.

"Mama, chui njo alama ya inchi," alisema. "Hii yako iko nusu."

"Iko nusu, baba. Nyuma njo kazi ya mudogo wangu."

"Mudogo wako iko wapi?"

"Sijue."

"Basi umumalize weye, mbele ya Jumamosi. Chui bila matako, watasema tunachekelea wakubwa. Watatufunga weye na miye."

Onema hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye cheo anachosha.

Siku tatu Mwanahamisi alishona na kufumua. Kila mguu aliojaribu ulitoka mguu wa chui kweli, umekaa vizuri, na hauna maana yoyote. Ijumaa alimfunika chui kitenge, akaacha nyuzi mbili nje, akahamia upande wa pili wa mkeka, pale Hawa alipokuwa akikaa. Mikono yake ikashona miguu ya bata. Alipofunua alicheka, kisha akalia, maana aliona sasa amemzika.

Jumamosi asubuhi, nyimbo za Chama zikiimbwa, chui aliinuliwa juu ya fito. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Yule mkubwa naye alicheka mpaka akafuta macho, na Onema alipoona hivyo akacheka kuliko wote. Mtu mmoja tu hakucheka: muuza mpunga kutoka Kibombo, Mama Odile, jina la Kizungu ambalo serikali ilikuwa imelikataza na soko halikuwa na habari. Alipenya hadi kwa chui, akaushika mguu wa kushoto.

"Hii miguu naijua," alimwambia Mwanahamisi. "Kwetu Kibombo kuko mama mumoja anashona matako ya banyama. Matako tu. Iko nayo mustari muzima ku ukuta. Tukimuuliza kichwa iko wapi, anasema kichwa ilikuwa kazi ya mukubwa wake, alikufa Kindu mu vita."

Mwanahamisi naye akaushika mguu uleule.

"Muguu ya kushoto iko mukubwa?"

"Mukubwa. Anasema bata anatembea vile."

"Iko muzima?"

"Nimemuacha juzi. Analalamika magoti."

Treni ya Kibombo ilikuwa Jumanne, ikipenda, na Jumamosi hiyo hata adhuhuri ilikuwa haijafika. Mwanahamisi hakuweza kungoja mikono mitupu. Aliomba chui ashushwe, akaketi palepale uwanjani, akatoa wembe kwenye fundo la kitenge, akaanza kufumua. Onema alikuja mbio, akiuliza anafanya nini mbele ya wakubwa.

"Hii nyuma si yake," alijibu bila kuinua kichwa. "Mwenyewe nimemupata."

Miguu ya bata ikaanguka majanini. Alizipima nyuzi mbili kwa kiganja, akaona zinatosha. Kisha akavua kitenge cha begani, akamfunika chui gubigubi, Hawa asije akamwona mapema.