Ishara ya Gati Namba Nne

Mjini wamemzoea kwa jina la Mzee Ishara, na jina lenyewe aliliokota kazini. Kwa miaka ishirini na moja alisimama kwenye sitaha za meli akimwongoza mwendesha kreni kwa mikono, maana kule juu sauti haifiki. Kiganja kikitazama juu, pandisha. Kikitazama chini, shusha. Mikono ikipishana juu ya kichwa, simama, kuna hatari. Mpaka leo akitaka chumvi mezani huiita kwa kiganja, na wajukuu humcheka wakimwambia, babu, hapa hakuna kreni.

Mikono hiyohiyo ilimkosesha raha juma zima. Mji ulikuwa umeamua kumwekea jiwe la kumbukumbu gatini, maana hadithi yake kila mtu anaijua. Ilikuja meli yenye masanduku yaliyoandikwa "vipuri vya matrekta", kumbe ni risasi za kwenda kuwaulia watu wa nchi jirani. Mzee Ishara akapishanisha mikono, makuli wakaacha kazi, na kwa siku kumi na moja bandari nzima haikushusha hata msumari. Meli ikaondoka na mzigo wake. Tangu hapo mji ukajifunga kibwebwe: wakimbizi walipofika walipokewa majumbani, na shuleni watoto wakafundishwa kwamba hapa kwetu mnyonge haachwi peke yake. Mambo mazuri, nani atayakataa? Ila hadithi ile ina uongo mmoja, na mwenye uongo ni yeye.

Asubuhi ya sherehe mkewe alikuwa akimpigia shati pasi. Mzee alikaa kitandani, soksi moja mkononi.

"Mama watoto, siku ile mimi sikukataa," akasema. "Kamba ya kreni ilikuwa inakatika. Niliona nyuzi zinaachia, nikamsimamisha shemeji ili ibadilishwe. Basi."

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa juu kwenye kreni. Alipoiona ile mikono alizima mashine, akateremka ngazi zote, akawaambia makuli, "Shemeji yangu amekataa kushusha risasi hizi. Nani yuko naye?" Nyapara alipomfuata Mzee Ishara kumuuliza kama ni kamba au ni mgomo, jibu lilikuwa mdomoni. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Mzee akatupa jicho gatini, akaona watu wamesimama na shemeji yake mbele yao, ulimi ukamganda. Mikono akaiacha palepale juu mpaka mabega yakawaka moto. Watu wakaja kuliita jambo hilo ushujaa. Yeye anajua ilikuwa ni kuona haya tu kumwacha shemeji peke yake. Na bado akamwacha, kwa sababu polisi walimchukua aliyeteremka, si aliyesimama. Shemeji alikaa ndani miaka mitatu, akatoka na kifua kibovu, mwaka haukwisha wakamzika.

"Nimekula heshima ya kaka yako," Mzee akasema. "Na wewe nimekudanganya."

Mkewe aligeuza kola, akaipiga pasi upande wa pili. "Alijua ni kamba."

"Nani?"

"Kaka. Aliniambia siku ya kwanza nilipokwenda kumwona gerezani. Kamba aliiona hata kabla yako, si alikuwa juu? Alikuwa anatafuta mtu wa kuanza naye mgomo. Akasema, mumeo nimemtwika mzigo bila kumuuliza, na wewe usimuulize, atasema mwenyewe akiweza." Akachomoa pasi. "Miaka thelathini na nane nasubiri uweze."

Mzee Ishara alilia, na hakuuficha uso. Mkewe akamvisha shati likiwa bado na joto, akamfunga vifungo. Hotuba aliyoandikiwa na binti yao ikabaki kitandani.

Gatini meya alimwomba awaonyeshe watu ile ishara. Simu zikainuliwa kupiga picha. Mzee akaitia mikono yake mfukoni, akasogelea kipaza sauti, akalitaja jina la shemeji yake, mara mbili, ili aliyechonga jiwe asikie vizuri. Kisha akawaambia habari ya kamba.