Walisema Koku Atakuja

Sitabishana na mtu. Ukiamini, sawa. Usipoamini, nenda Kishanda ukamuulize Mama Koku, bado yu hai na akili zake ni timamu. Ninachosema ni kwamba haya yalinipata mchana, macho yangu yakiwa wazi, na tumboni sikuwa na kitu zaidi ya chai na chapati. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo msiniletee habari za pombe ya rubisi.

Ni fundi cherehani hapa Bukoba mjini. Babu yangu alikuja kutoka pwani akaoa huku, ndiyo maana Kihaya changu watu wanakicheka. Wengi mnanijua sura kwa sababu ya yale mashindano ya kusafiri ya kwenye televisheni. Mnakumbuka yalivyo: watu wanapangwa wawili wawili, wananyang'anywa simu, wanapewa bahasha yenye fumbo la kuwaonyesha pa kwenda, halafu wanatimua mbio mkoa hadi mkoa. Jozi inayofika ya mwisho inafungasha virago. Msimu wa kwanza walinipanga na msichana wa Kishanda, wilaya ya Muleba, ambaye sikuwahi kumwona maishani. Kokushubira. Sote tukamwita Koku.

Jamani, Koku! Tulitolewa kwa sababu yake na sikuweza hata kumkasirikia. Tulikuwa Iringa, tunakimbia, tumebakiza kilima kimoja, tukampita bibi mmoja amebeba kuni. Koku akasimama. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akaanza kumwamkia kama wanavyoamkia kwao, habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, na bibi naye akajibu moja moja bila haraka. Namvuta mkono, hasikii. "Dada, mtu mzima hapitwi kama mti," akaniambia. Tukafika wa mwisho.

Jioni ile tulikaa juu ya mabegi yetu stendi tunalia na kucheka. Koku akatoa kwenye mkoba kifurushi cha jani kavu la mgomba, ndani yake kahawa ya kutafuna, ile wanayoichemsha na kuianika ikiwa na maganda yake. Mama yake alikuwa amemfungia. Akapasua tunda moja kwa meno. Ndani ya tunda la kahawa kuna punje mbili zimekumbatiana, na Wahaya wa zamani walifungia undugu hapo: kila mmoja anachukua punje yake, na tangu siku hiyo hawatupani. Akanipa yangu.

"Tafuna," akasema. "Sasa hunikimbii tena."

Tulikuwa tunapigiana simu kila wiki, kisha akanyamaza. Nikatuma ujumbe, kimya. Nikapiga, inaita tu, hapokei mtu. Nikajisemea labda kaolewa, labda kanichoka. Iliniuma, sitaficha. Kumbe ningepanda gari nikaenda tu! Lakini nani anamfuata mtu asiyepokea simu?

Ndipo watu wa mashindano wakanipigia. Wanaandaa msimu wa wanaorudi, wale ambao watazamaji waliwapenda wakatolewa mapema.

"Na Koku?" nikauliza.

"Tumeongea na nyumbani kwao. Wamesema atakuja."

Nilifurahi mpaka nikajichoma sindano. Nilikasirika pia. Yaani simu zao anapokea, zangu hapokei? Nikaapa nikimwona nitamgombeza kwanza, halafu tushinde. Nilitaka kushinda, nakwambia kweli. Nilikuwa nimechoka kuitwa na wateja "yule aliyetolewa".

Mbio za mkoa wetu zilianzia Bukoba, ufukweni. Jozi zote zikatimia, Koku hayupo. Mratibu akasema nianze, mwenzangu anatoka upande wa Muleba, tutakutana njiani. Nikavishwa kamera ndogo kifuani, maana msimu ule kila jozi ilijirekodi yenyewe. Kituo cha kwanza kilikuwa Maruku, kubeba miche ya migomba kutoka shamba moja hadi jingine. Kazi ya watu wawili nimeifanya peke yangu. Nilipomaliza, wenzangu wote walishaondoka, na mgongo unaniambia tayari nimeshindwa.

Nikafika Kamachumu mvua ya rasharasha inanyesha na ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya maduka. Nikashuka kwenye gari. Na pale, kwenye ukingo wa barabara, Koku amekaa kwenye nyasi, amevaa fulana ya kijani ya msimu wa kwanza.

Nilisahau kumgombeza. Nilipiga kelele watu wakageuka. Alikuwa yuleyule, na ule mwanya wake, amekonda kidogo tu usoni. Nikataka kumkumbatia, akarudi nyuma akicheka. "Umelowa, Mswahili. Twende, tumechelewa."

Kazi ya Kamachumu ilikuwa kumenya ndizi, mkungu mzima, na mwenye kuumenya awe mmoja tu wa jozi. Koku akasimama nyuma yangu. "Usikwaruze. Chana ngozi kwa urefu, halafu vuta kwa kidole gumba." Nikachana, nikavuta, na ndizi zikawa zinavua nguo zenyewe. Tulizipita jozi tatu palepale. Mama aliyesimamia kituo akanipongeza, akanipa bahasha na chupa ya maji. Moja. Koku, yule mama hata hakumwangalia. Nikaona ni dharau, nikataka kusema neno, Koku akanizuia kwa jicho.

Nikamwambia kijana wa bodaboda atubebe mshikaki, sote wawili. Akauliza, "Wewe na nani?" Nikamwonyesha. Akaangalia, akawasha pikipiki, akaniambia, "Panda tu, mama." Alituendesha mbio ambazo sijawahi kuziona, tukazipita jozi zilizobaki, na alipotushusha kwenye njia panda hakungoja hata nimwambie asante.

Unaniuliza sikushtuka? Ungeshtuka wewe? Mtu uliyemkosa muda mrefu ukimpata, hukai kumkagua. Viatu vyangu vilikuwa vizito kwa tope jekundu. Vyake sikuviangalia, na leo nashukuru sikuviangalia.

Pale njia panda barabara moja inakwenda Muleba mjini, kulikokuwa na mwisho wa mbio. Nyingine inashuka Kishanda. Na sisi, nakwambia, tulikuwa wa kwanza! Koku akasimama.

"Dada, naomba tupitie nyumbani."

"Wewe una wazimu? Sheria hairuhusu kuingia kwa ndugu. Watatutoa tena!"

"Mama ananingoja tangu asubuhi. Alisema nitakuja."

Hakubembeleza. Alisema hivyo tu, uso umeelekea bondeni, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyetumwa mbali akachelewa. Nikaangalia barabara ya Muleba. Nyuma yetu nikasikia jozi nyingine inakuja, wanapiga kelele za furaha. Mungu ndiye anajua kilichonigeuza moyo. Nikasema haya, twende, haraka.

Tulitembea kwenye vijia vya ndani, migomba huku na huku. Nilimuuliza mbona hupokei simu, akasema simu imebaki kwa mama. Nikamuuliza uliumwa, akasema kidogo. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akanipa. "Nishikie hiki." Vidole vyake vilinigusa. Vilikuwa na ubaridi, lakini mvua ilikuwa inanyesha, hata vyangu vilikuwa na ubaridi.

Tulipoingia kwenye kibanja chao, nyumba ikionekana, akasimama chini ya migomba.

"Mimi siwezi kuingia, imekatazwa. Wewe piga hodi. Mwambie nimefika."

Nikapiga hodi. Akatoka mama mmoja mwembamba, amejifunga khanga mbili. Nikapiga magoti kama Koku alivyonifundisha. "Wasibota, Mama."

"Karibu, waitu. Ingia, mvua hiyo." Akanikalisha kwenye majani makavu yaliyotandikwa chini, akaleta kikapu kidogo cha kahawa kama wanavyompokea mgeni yeyote. Nikaona nisimcheleweshe.

"Mama, nimekuja na Koku. Yuko hapo nje kwenye migomba. Anaogopa kuingia kwa sababu ya mashindano."

Kikapu kilianguka. Hakupiga kelele. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wapi?"

Alikimbia miguu mitupu. Mimi nyuma yake, nasema hapa Mama, alikuwa amesimama hapa hapa. Na hapo hapo palikuwa na kaburi. Saruji haijaota hata kuvu, msalaba, mashada ya plastiki yamelowa. Jina nililisoma. Nililisoma tena. Nikakaa kwenye matope.

Koku alikuwa amekufa miezi mingi kabla. Homa tu. Walimpeleka hospitali anatembea, wakamrudisha amebebwa.

Mama alikuwa anazunguka migomba anashika mashina, mmoja baada ya mwingine. "Koku! Koku, mawe!" Mama yangu, kwa Kihaya. Aliporudi alikaa karibu yangu, na maswali aliyoniuliza sitayasahau mpaka naingia kaburini.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Fulana ya kijani, Mama."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa anacheka."

"Ameniuliza?"

"Alisema unamngoja."

Hapo ndipo akalia. Akanieleza kwamba simu ya Koku anayo yeye, anaichajisha dukani kila wiki ingawa kusoma ujumbe hajui na kupokea anaogopa. Siku moja tu alipokea. Mtu wa televisheni akamuuliza, mama, Koku tunamhitaji arudi, je, atakuja? "Nilishindwa kulitamka, mwanangu. Nilikuwa sijalitamka kwa kinywa changu hata mara moja, msibani wengine walinisemea. Na yule kijana alikuwa na furaha. Nikasema atakuja."

Nikafumbua mkono. Kile kifurushi bado nilikuwa nacho. Mama akakichukua, akakigeuza, akashika fundo lake.

"Hiki nimefunga mimi. Nilimwekea mkononi kabla hawajafunika sanduku."

Sina maelezo. Ukiwa nayo wewe, baki nayo.

"Mimi niko ndani nimekaa nangoja mlango ufunguliwe," akasema, "na mtoto amesimama huku kwenye mvua." Alilirudia hilo mpaka giza lilipoingia.

Mashindanoni nilitolewa, bila shaka. Walinionyesha picha za kamera. Ninaonekana mikono yangu inamenya ndizi, nasikika naongea, nauliza, nacheka, na kila nikigeuka kwa Koku kuna barabara tu. Wakasema hawatazirusha. Mratibu alinishauri nipumzike.

Nikawa naenda Kishanda kila nikipata nafasi. Nilimshonea Mama gauni, tukamenya ndizi pamoja. Lakini niliona jambo. Simu bado anaichajisha. Na kila jioni anatoka na kiti, anakaa kwenye migomba, anangoja. Alikuwa anapungua mwili. Siku moja akaniambia bila kuona haya, "Wakipiga tena, nitamwita tena. Safari hii nitakaa nje."

Na wakapiga. Nilikuwepo. Mchana wa jua, tunachambua maharage, simu ikalia juu ya meza. Akaweka sauti ya wazi. Ni mtu mgeni, inaelekea wale wa zamani hawakumwambia kitu. Wanaandaa msimu mwingine, majina ya waliopendwa bado wanayo. "Mama, Koku yupo? Anaweza kurudi?"

Mama akaniangalia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani aseme ndiyo. Nilimkumbuka Koku pale njia panda, anaangalia bondeni, nikataka nimwone tena hata kwa mchana mmoja. Nikainamisha uso kwenye maharage nisimshawishi.

Akainuka. Akatoka na simu mpaka kaburini, mimi nikamfuata kwa mbali. Akasimama pale Koku aliposimama. Yule mtu akasema haloo, haloo.

"Koku amekufa, mwanangu," akasema. "Amekufa, nimemzika hapa. Msimwite tena. Anatoka mbali, na akifika hawezi kuingia."

Akaizima simu. Kisha akafanya jambo ambalo kwao hufanyiwa kila mgeni anapoondoka: akamsindikiza. Alitoka kaburini polepole kuelekea barabarani, anaongea Kihaya kwa sauti ya chini, na alitembea upande mmoja wa njia, upande wa pili ameuacha. Sikuthubutu kwenda naye. Nilimwona barabarani amesimama, ameinua mkono, ameushikilia juu muda mrefu. Akarudi peke yake. Kiti cha jioni hakukitoa tena.

Ile punje ya Iringa niliitafuna zamani, nimebaki na kifurushi tu, Mama alinirudishia. Sijakifungua. Siku za mvua nikishona dukani huwa natazama mlangoni, na hakuna anayekuja, na ninalia kama mjinga mbele ya wateja.

Wewe unayenisikiliza, labda na wewe una simu ya marehemu kabatini, hujaizima kwa sababu unampenda. Siku ikilia, wakimuulizia, sema amekufa. Hata kama ulimi unakataa, hata kama anayeuliza ana furaha, sema. Usiseme atakuja. Atakuja kweli, kwa miguu yake, hadi kwenye migomba yako, na mlango wako utakuwa wazi na asiweze kuuvuka.