Baba Alisoma Utumbo wa Mbuzi

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Tulikuwa mtoni chini ya milima ya Loima, mto wenyewe mkavu, tunachota maji kwenye kisima cha mchanga, karai likipita mkono kwa mkono. Dada yangu Nakiru, mimba yake imefika mwisho, alikaa pembeni akitucheka.

"Mnachota kama hamjala."

"Wewe umekula ya wawili," mama akamjibu.

Mchana wachungaji wakashuka na habari kwamba wavamizi wamevuka mlima. Lazima niseme ukweli, vijana wetu nao walikuwa wamevuka kwao kabla, wakarudi na ng'ombe.

Baba akachinja mbuzi, akautandaza utumbo, akausoma kama wazee wetu wanavyosoma.

"Hatari iko mtoni. Tupande mlimani."

"Nakiru hapandi," mama akasema. "Uchungu umeanza."

"Utumbo umesema, mama Nakiru."

"Mtoto hajui kusoma utumbo. Anakuja leo."

Baba hakukasirika. Akapanda na kaka yangu na mifugo. Mama na mimi tukamficha Nakiru chini ya ukingo wa mto, penye vichaka.

Jua halijatua, risasi zikalia.

Mtoni.

Nakiru akauma shuka. Mtoto akatoka.

Akalia.

Mvamizi mmoja akainama, akatuona. Rika la kaka yangu. Akamwangalia mtoto, akawaambia wenzake maneno ambayo sikuyaelewa. Wakapita. Wengine watasema nimeongeza chumvi, na mimi sina cha kuwaonyesha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba alizisikia zile risasi. Kaka anasema alimshika mkono, baba akajitoa: "Watoto wangu wako huko." Akashuka mbio. Tulimkuta asubuhi, karibu na kisima.

Miaka imepita. Yule mtoto ana hoteli ndogo ya chai hapa Lodwar, nami namsaidia kukanda chapati. Tunacheka sana, hata Nakiru akija kutoka Kakuma. Siwezi kulalamika.

Lakini nimefika darasa la sita tu, na hili swali limenishinda: tungepanda, baba angekuwa hai, na Nakiru je, na mtoto? Nilimuuliza mama. Alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Baba yako alisoma vizuri," akasema. "Na mimi nilisema vizuri."

Akaendelea kuchagua.