Boljointi ya Kulia

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nilale chini. Sikupewa spana wala sikuulizwa jina. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi aliyevaa tai hata akiwa chini ya gari, alininyooshea kidole gari moja la juu akasema, "Ingia uvunguni. Shika kila kinachocheza, uje uniambie." Nilitoka na mchanga masikioni nikamwambia vyote vinacheza. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi kazi umeshaianza," akasema.

Sasa nimestaafu, nipo Mkuza, mgongo umekataa na sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya nyundo. Vijana mnaniuliza mambo ya zamani mkidhani yalikuwa matamu. Hayakuwa. Mimi kuna mtu alifukuzwa kazi kwa kosa langu, dereva anaitwa Mrisho, na nilikaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini.

Karakana ilikuwa ya kampuni ya kuchimba visima, hapa Kibaha, nyuma kidogo ya Kwa Mathias. Magari yake yalikuwa yamezeeka, yanashinda makorongoni, na cha kwanza kufa ni miguu ya mbele. Nyinyi mna mashine ya kuwatajia ugonjwa. Sisi tulikuwa na mtaimbo. Unaweka jeki chini ya mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu, unainua, kisha unapitisha mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua. Tairi likipanda peke yake, mkono ukabaki, boljointi imekwisha. Hiyo ni kiungo kama cha nyonga: kichwa cha duara ndani ya kikombe, kimevikwa mpira mchanga usiingie. Kichwa kikilika kinapwaya, na siku moja kinachomoka. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zikifa gari litakupigia kelele tu, utavumilia. Boljointi haina subira hiyo.

Mkuu alikuwa na sheria mbili. Kulia na kushoto hubadilishwa pamoja. Na spea mbovu haitupwi. Dereva anakabidhiwa mkononi, aitikise mwenyewe, asikie inavyopwaya, ndipo anaweka saini. "Yeye ndiye anayekwenda kukaa juu yake," alikuwa akisema. "Mwache aagane nayo."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kambi ya Kisarawe, chini ya Mhandisi wa Kambi, mtu wa haraka, hata chakula anakula amesimama. Mrisho ndiye aliyekuwa dereva wa gari la kambi. Mpole, mwendo wake wa kunyata, mpaka tulikuwa tukimtania kwamba kuku wanampita. Asubuhi moja nikapima gari lake, boljointi zote mbili za chini zimekwisha. Nikaagiza spea mjini. Ikaja moja tu.

"Fundi, gari saa nne nalitaka," Mhandisi akasema.

"Bosi, imekuja ya upande mmoja."

"Wewe si fundi? Fanya ufundi."

Jamani, ningemkatalia. Sikumkatalia. Upande wa kushoto nikafunga mpya. Ile ya kulia nikaifufua, ndivyo tulivyokuwa tukisema: unagonga kingo za kikombe zibane kichwa, unajaza grisi, unaivika mpira mpya. Ukiitazama utasema imetoka dukani. Ikabaki sheria ya Mkuu, dereva akabidhiwe mbovu mbili. Nilikuwa nayo moja. Nikaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu nikaokota nyingine ya gari la aina ileile, nikampa Mrisho zote mbili. Akazitikisa. "Hee, fundi, hizi zingeniua," akasema, akaweka saini, akanishukuru.

Hazikupita wiki mbili. Kwenye mteremko wa kutoka Kisarawe gurudumu la kulia lililala ubavu, gari likaingia mtaroni. Mrisho alikuwa peke yake, akavunjika mfupa wa bega. Mhandisi alituita wote wawili ofisini, Mrisho mkono umefungwa shingoni.

"Fundi, ulibadilisha zote?"

"Zote, bosi. Saini yake ipo."

"Basi ni mwendo."

"Nilikuwa gia ya pili," Mrisho akasema. Alifukuzwa kwa mwendo kasi, mtu ambaye kuku wanampita. Mimi nikarudishwa Kibaha, nikapandishwa cheo, na baadaye nikakalia kiti cha Mkuu wa Karakana. Sheria zake nilizisimamia kwa ukali sana. Vijana waliniona nina roho mbaya.

Mwaka huu, kabla ya mvua, gari la juu kuukuu liliingia uani kwangu, ambapo bado natengeneza magari mawili matatu, likigonga mbele. Akashuka Mrisho, mvi kichwa kizima, bega moja liko chini. "Fundi, niangalizie miguu ya mbele," akasema, kama vile tuliachana jana. Spea zilikuwepo, kulia na kushoto. Siku hizi silali tena uvunguni, lakini siku hiyo nililala. Nilipotoka nilimkabidhi mbovu mbili, nikamwambia yote. Ile ndoo. Ule mpira mpya.

"Najua," akasema. "Nilikiona kichwa pale mtaroni, kimelika upande mmoja. Mpira mpya, mfupa wa zamani."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Karatasi yenye saini yangu ilikuwa kwako." Akazitikisa zile spea, moja moja. "Mimi sina haja ya kuambiwa, fundi. Mwambie mama Zuhura. Yumo garini."

Mkewe alikuwa amekaa kiti cha mbele, ameshikilia mkoba mapajani. Nikamwambia dirishani, bila kupunguza neno. Kwamba mumewe hakukimbiza gari. Kwamba mimi nilidanganya. Alinisikiliza akitazama mbele tu, na nilipomaliza hakunisamehe wala hakunitukana.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna safari ambayo sikumwambia punguza mwendo. Hata ya kwenda sokoni. Na yeye anapunguza."

Mrisho akapanda, akaziweka zile boljointi miguuni pake, akawasha gari.

"Haya twende, baba Zuhura," mama akasema. "Leo sikwambii kitu."