Bunduki Aliyoichagua Baba

Mafuta ya bunduki yana harufu ya utamu kidogo, utamu wa kukirihisha, na kila ninapopita mbele ya fundi wa baiskeli hapa mtaani nikasikia harufu inayokaribiana nayo, hasira hunipanda kabla hata sijajua nimekasirikia nini. Kisha nakumbuka. Nakumbuka duka moja katikati ya Birmingham, katika mitaa ile ya mafundi wa bunduki, mwanzoni mwa miaka ya sabini: jiko la mafuta ya taa likiwaka pembeni, makoti ya wateja yaliyolowa mvua, mbao zilizong'arishwa zikimetameta ukutani, na baba yangu amesimama mbele ya kaunta na suti yake ya kanisani. Nilikuwa na miaka tisa. Majira yote yale ya baridi, Jumamosi alizopata nafasi, tulipanda basi kutoka Small Heath kwenda kuchagua bunduki, na njiani alinieleza habari zake kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo nyumbani.

Baba hakuwa mwindaji wala mtu wa vita, na naomba hilo lieleweke. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu mpole, mfunga nati katika kiwanda cha magari cha Longbridge. Ujanani aliajiriwa katika shamba la Mzungu huko Laikipia. Watoto wa Mzungu yule walikuwa na bunduki ndogo inayojikoki yenyewe: ukifyatua risasi moja, ganda lake linaruka pembeni na nyingine inaingia mahali pake bila wewe kugusa kitu. Jumapili baada ya chakula walipanga makopo juu ya ua wa mbao na kuyaangusha mfululizo. Kazi ya baba ilikuwa kuyasimamisha tena, na jioni kuisafisha ile bunduki, kuifuta na kuirudisha kabatini. Miaka yote aliyokaa pale hakuruhusiwa kuifyatua hata mara moja. Kwa hiyo alipofika Uingereza na kumsikia Norman, mwenzake wa zamu kiwandani, akisema kwamba ana klabu ya kulenga shabaha kule Great Barr, na kwamba mtu yeyote mwenye kibali cha polisi anaweza kujinunulia bunduki yake, baba hakulala. Hakutaka kombe wala medali. Alitaka kuangusha makopo.

Mwenye duka alimwekea tatu juu ya kaunta. Alianza, kama ilivyokuwa kawaida ya Waingereza wengi, kwa kumwuliza kama kwao alikuwa akiwapiga simba, na baba akacheka kwa adabu, na mimi nikamchukia mtu yule papo hapo. Baada ya hapo alifanya kazi yake vizuri, sina budi kusema hivyo. Alieleza kwamba wanachama wengi wa klabu hupendelea ile ya kukoki kwa mkono, kwa sababu haipotezi risasi na inalenga vizuri zaidi. Hizi za kujikoki ni za kujifurahisha tu. Baba akasema kujifurahisha ndiko anakotaka. Ya kwanza ilikuwa nzito, risasi zake zikipangwa ndani ya bomba kwenye kitako, na kuijaza kulichukua muda. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye magazini ndogo ya kuchomoa, lakini mwenye duka alikiri kwamba inachagua risasi. Ukiilisha zile hafifu inakwama. Ya tatu ilikuwa imetumika, kitako chake kina mkwaruzo mrefu, nayo haikukwama kwa risasi yoyote. Baba aliinyanyua kila moja begani, akaegemeza shavu, akafumba jicho. Halafu akafanya jambo ambalo mwenye duka hakulitarajia: akaomba kitambaa, akaifungua ile ya tatu vipande vipande, akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha ilivyokuwa. Alichagua kama mtu aliyesafisha bunduki za wengine. "Hii haifichi uchafu," aliniambia kwa Kiswahili. "Hii ndiyo yetu." Mwenye duka akakubali kuiweka kando mpaka kibali kitoke.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama alikuwa nesi wa zamu za usiku, Mkikuyu wa Nyeri, na kwa kuwa yeye na baba hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwetu tulizungumza Kiswahili. Yaani wao walizungumza, mimi nikiwajibu kwa Kiingereza na kugombezwa kila siku. Mama alikuwa na kaka aliyeitwa Wachira. Wakati wa hali ya hatari, kule kwetu miaka ya hamsini, serikali ya wakoloni ilipoamuru kwamba Mwafrika akikutwa na silaha au risasi anaweza kunyongwa, Wachira alisimamishwa njiani akakutwa na risasi moja katika mfuko wa koti. Alisema aliiokota barabarani. Hakuwa na bunduki ya kuitia. Walimnyonga, na hakuna hata mmoja wa nyumbani kwao aliyeonyeshwa alipozikwa. Hadithi hiyo niliijua tangu nikiwa mdogo sana, kama watoto wengine wanavyojua hadithi za sungura. Basi baba alipomwambia habari za bunduki, mama hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba hawezi kulala nyumba moja na risasi, na kwamba siku risasi hizo zitakapoingia, yeye atatoka. Baba alijua hatanii. Alitumaini tu kwamba moyo wake ungelainika kibali kikishatolewa, maana kabati alikuwa ameshalitengeneza chini ya ngazi, la mbao nene na kufuli mbili.

Polisi alikuja asubuhi, mama akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini na bado yuko katika sare yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso mwema, na alivua kofia mlangoni. Alilikagua kabati, akalisifu, akakaa jikoni pamoja nasi. Alimwuliza baba atalengea wapi, na ni akina nani wanaomfahamu pale klabu. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa amesimama tu na birika mkononi, akamgeukia ili kumtuliza. Alimwambia asiwe na wasiwasi, ni bunduki ndogo ya mchezo, na mumewe ataruhusiwa kuweka risasi mia tano tu kwa wakati mmoja, kama watu wote.

Mama akamimina chai. Akasema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti, "Mia tano. Wachira alikuwa na moja."

Polisi akauliza mama amesema nini. Baba hakusita hata kidogo. Alimjibu kwamba mke wake anauliza kama anatumia sukari. Polisi akatabasamu, akasema vijiko viwili, asante. Mpaka leo sijui kama nimewahi kuona kitu kilichonichoma kama tabasamu lile, na baba akisogeza kibakuli cha sukari kwa mikono miwili. Nikazungumza. Kiingereza changu, kile nilichogombezwa kwa ajili yake kila siku, kikatoka chote. Nilimwambia hakuulizwa habari za sukari. Mama amesema ndugu yake alikutwa na risasi moja tu, na nyinyi mkamnyonga. Nilisema "nyinyi" nikimtazama usoni. Sikuona aibu wakati ule na sioni leo.

Polisi hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Aliweka kijiko chini, akamwambia mama kwamba anasikitika sana, kisha akamwuliza taratibu jina kamili la ndugu yake, na ilikuwa wapi, na mwaka gani. Mama akakaa kitini. Katika maisha yake yote hakuna mtu wa serikali ile aliyewahi kumwuliza jina la Wachira. Alimjibu kila kitu, kwa Kiingereza chake safi cha wodini, akamtajia herufi za jina moja moja ili asikosee, akamweleza mpaka lile koti lilivyokuwa. Alilia kidogo, na polisi akamsubiri. Mtu wa kwetu anapoulizwa habari za marehemu hudhani anapewa pole, na ndivyo tulivyodhani sote watatu: kwamba amekuja mtu wa kutupa pole, baada ya miaka yote hiyo. Alipoondoka, mama aliosha vikombe akiimba wimbo wa kanisani, na jioni akamwambia baba kwamba pengine risasi zinaweza kukaa klabu, na bunduki ikakaa nyumbani.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Ombi limekataliwa, kwa ajili ya usalama wa umma. Baba alifikiri kuna makosa, akamwomba Norman akamwulizie kituoni, kwa kuwa Norman alikuwa na jamaa yake pale. Norman alirudi akiwa mwekundu mpaka masikioni. Aliambiwa kwamba kabati ni zuri na mwombaji hana doa, ila katika familia yake kuna mtu aliyehukumiwa kwa kosa la risasi, na mke wake mwenyewe ndiye aliyethibitisha. Walilichukua jina la Wachira, lile alilolitaja mama herufi kwa herufi, wakamnyonga nalo mara ya pili. Mimi nasema hivyo. Norman alisema ni utaratibu tu.

Baba hakunichapa wala hakunikaripia. Alikaa kwenye ngazi, juu ya lile kabati lake tupu, akasema, "Unaona, Nduku. Ndiyo maana nilisema sukari."

Na mama, ambaye bunduki ile aliiogopa majira yote ya baridi, alisimama mbele yake akamwambia, "Sikuitaka, Baba Nduku, unajua. Lakini sikutaka wakunyime kwa jina la kaka yangu."

Norman ndiye aliyeinunua. Alikwenda duka lile lile akaichukua ile ya tatu, yenye mkwaruzo, ili baba aweze kuitumia siku za klabu mbele ya macho yake, kama sheria ilivyoruhusu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake uliniudhi kuliko ubaya wa wengine, kwa sababu huo sikuweza hata kuutukana. Wakati wa kiangazi baba alinichukua Great Barr mara chache. Alilenga vizuri sana. Makopo yalianguka mfululizo bila yeye kuondoa shavu kwenye kitako, maganda yakirukaruka kwenye nyasi, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtu niliyemwona dukani. Kisha alitembea mpaka mwisho wa uwanja akayasimamisha makopo kwa ajili ya Norman. Mwisho wa mchezo alitoa kitambaa chake mfukoni, akaifungua bunduki, akaisafisha mtutu na kitako, akaifuta, akamkabidhi Norman aipeleke kabatini kwake. Norman alisema asante. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya soda mkononi na ghadhabu isiyokuwa na mtu wa kumwelekezea.

Leo baba hayupo, na Norman hayupo. Pale Longbridge baba alipofunga nati miaka yote ile wamejenga maduka na nyumba, nami hununua maharage ya kopo huko bila kujua nimesimama juu ya sehemu gani ya kiwanda. Watoto wangu hunishauri niyaache, kwamba ilikuwa zamani, kwamba polisi siku hizi wana kozi na vitengo vya mambo hayo. Labda. Mimi nimebaki na mama. Ana uzee wa kusahau. Kiingereza chake cha wodini kimemtoka kwanza, kisha majina ya wajukuu, na Kiswahili ndicho kilichobaki tunachoelewana nacho. Mwezi uliopita alikuja daktari kijana nyumbani kumpima, aseme kama anaweza kuendelea kuishi nami au apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa binti mwenye uso mwema. Alivua viatu mlangoni. Alimwomba mama ahesabu kidogo, namba yoyote anayoipenda aanzie hapo, na mimi nikatafsiri.

Mama alifikiri sana. Akasema, "Mia tano. Wachira alikuwa na moja."

Daktari alikuwa ameshaweka vidole juu ya kompyuta yake. Aliniuliza taratibu mama amesema nini, na kama Wachira ni mtu. Nimekuwa na hasira tangu nilipokuwa na miaka tisa. Nimeitunza, nimeilisha, nimeapa mbele ya watu kwamba sitawahi kuwa kama baba. Nikamtazama mama katika kiti chake, karibu na dirisha lake, ndani ya nyumba yangu.

Nikamwambia daktari, "Anauliza kama unatumia sukari."